Kuondoa Fosfati na Vichafuzi Vyengine Majini kwa Hidroksidi Pacha za Matabaka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Unguja na Pemba

Maswali yafuatayo huulizwa na walimu wa skuli, wenye nyumba za wageni, wakulima wa mwani na wajumbe wa kamati za maji za shehia kila inapotajwa hidroksidi pacha za matabaka, ile poda nyeupe inayonasa fosfati. Majibu yamepangwa kwa kufuata maswali yenyewe yanavyozuka, kwa hivyo baadhi ni marefu na mengine ni ya maneno machache.

Fosfati ni kitu gani, na kwa nini isiachwe ikaenda zake baharini?

Fosfati ni muungano wa fosforasi na oksijeni, na hakuna kiumbe anayeishi bila hiyo. Mtu mzima hutoa mwilini kati ya gramu 1 na 2 za fosforasi kwa siku, na sehemu kubwa ya kiasi hicho hutoka kwa mkojo. Ukiongeza baadhi ya sabuni za unga, dawa za kuoshea vyombo, na mbolea za DAP na TSP zinazotiwa mashambani na kusombwa na mvua za masika, utaona kwamba maji machafu ya mtaa mmoja hubeba fosfati nyingi bila ya kuwepo kiwanda chochote karibu. Kwa mnywaji, fosfati yenyewe si sumu, na Shirika la Afya Duniani halikuiwekea kikomo cha kiafya katika maji ya kunywa.

Madhara yake yamo katika kile inachokilisha. Mwaka 1973, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, watafiti waliligawa ziwa dogo lijulikanalo kwa nambari 226 kwa pazia la plastiki, upande mmoja wakatia kaboni na nitrojeni, na upande wa pili wakatia hizo hizo pamoja na fosforasi. Upande uliotiwa fosforasi ukageuka kijani kibichi, na ule mwengine ukabaki karibu na hali yake ya awali. Picha ya ziwa hilo iliyopigwa kutoka angani ilichangia sana katika kuzishawishi serikali kupunguza fosfati kwenye sabuni, na Umoja wa Ulaya uliiwekea mipaka fosfati katika sabuni za kufulia za majumbani kuanzia mwaka 2013.

Kwetu, jambo hili linatiwa uzito na ardhi tuliyonayo. Upande wa mashariki na kusini wa Unguja umejengeka juu ya mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, ambamo maji ya karo hayachujwi na udongo mnene kabla ya kufika pwani. Mji Mkongwe nao una mifereji ya zamani ya maji machafu inayomalizikia baharini. Fosfati ikizidi juu ya mwamba, matumbawe hujenga mifupa yake kwa shida, na mimea laini inayokua kwa haraka huyafunika. Pwani yenye matumbawe yaliyokufa hukosa samaki, na baadaye hukosa hata mchanga mweupe ambao wageni huufuata.

Hidroksidi pacha za matabaka ni kitu gani?

Ni madini yenye asili ya udongo, ingawa nyingi zinazotumika hutengenezwa maabara au kiwandani. Zinaitwa pacha kwa sababu kila tabaka lina metali mbili, mara nyingi magnesiamu na alumini, zilizozungukwa na hidroksidi. Ile inayojulikana zaidi ni hidrotalsiti, madini yaliyoelezwa mwaka 1842 kutokana na mawe ya Snarum, nchini Norwei. Katika miaka ya 1940, mwanakemia Walter Feitknecht wa Uswisi alitengeneza michanganyiko ya namna hii na kudhani kwamba kila metali ina tabaka lake peke yake. Uchunguzi wa miale ya eksirei katika miaka ya 1960 ulionesha kuwa metali zote mbili hukaa pamoja katika tabaka moja, na kuchanganyika huko ndiko kunakoipa poda hii uwezo wake.

Magnesiamu ina chaji chanya mbili na alumini ina tatu. Palipostahiki kukaa magnesiamu pakikaa alumini, tabaka hubaki na ziada ya chaji chanya, na ziada hiyo lazima itulizwe na ioni (chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme) za chaji hasi zinazojipenyeza, pamoja na maji kidogo, baina ya tabaka moja na jengine. Umbali kutoka tabaka hadi tabaka ni chini ya nanomita moja. Ioni hizo za katikati hazikufungwa kwa nguvu, na kwa hivyo zinaweza kutoka na kuziachia nafasi ioni nyengine. Kwa kawaida huwekwa magnesiamu mbili hadi nne kwa kila alumini moja.

Anayetaka kujua kama kitu hiki ni kigeni kabisa kwa mwanaadamu afahamu kwamba hidrotalsiti hutumika pia kama dawa ya kiungulia.

Fosfati hunaswa vipi hasa?

Hunaswa kwa njia zaidi ya moja, na mara nyingi njia hizo hufanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza ni kubadilishana nafasi: fosfati huingia baina ya matabaka, na kloridi au nitrati iliyokuwemo hutoka. Ya pili ni kuvutwa na uso wa chembe, kwa kuwa uso huo una chaji chanya katika maji ya kawaida. Ya tatu ndiyo imara zaidi, nayo ni fosfati kujifunga moja kwa moja na metali iliyo ukingoni mwa tabaka, kwa kuiondoa hidroksidi na kukaa mahali pake. Katika poda zenye kalsiamu kuna njia ya nne, ambapo kalsiamu huyeyuka kidogo na kufanya mashapo ya kalsiamu fosfati.

Kila ioni hasi iliyomo majini huigombea nafasi hiyo hiyo. Kwa ujumla, kabonati hupendwa zaidi kuliko zote, ikifuatiwa na fosfati na salfati, kisha hidroksidi, floridi, kloridi, na mwisho kabisa nitrati. Mpangilio huo unafaa kukumbukwa, maana majibu mengi yaliyo hapa chini yanatokana nao. Poda ambayo tayari imejaa kabonati haina hamu kubwa ya kupokea fosfati, na ndiyo maana watu huichoma kwanza kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi. Kabonati na maji huondoka, na poda inabaki kuwa mchanganyiko wa oksidi. Ikitiwa majini hujijenga upya katika matabaka, na wakati wa kujijenga hukamata ioni hasi zilizopo. Ikichomwa kwa moto mkali kupita kiasi hugeuka madini mengine magumu na kuupoteza uwezo huo, kwa hivyo tanuri lisilopimika joto halifai kwa kazi hii.

Hali ya tindikali na alkali nayo ina nguvu zake. Maji yenye pH (kipimo cha hali hiyo) chini ya 5 huanza kuyeyusha matabaka yenyewe, na yaliyopita 10 huwa na hidroksidi nyingi zinazoshindana na fosfati. Maji ya visima na ya karo yaliyotulia huwa karibu na 7 au 8, ambako ndiko poda inakofanya kazi vizuri.

Mbali na fosfati, huondoa vichafuzi gani vyengine?

Huondoa vile vyenye chaji hasi. Aseniki na kromati hunaswa vizuri, na Shirika la Afya Duniani limeviwekea vikomo vya miligramu 0.01 na 0.05 kwa lita. Floridi, ambayo ni tatizo la Arusha na maeneo ya Bonde la Ufa zaidi kuliko letu, hunaswa na poda iliyochomwa. Kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita. Rangi za nguo nyingi zina chaji hasi, kwa hivyo karakana ya batiki inaweza kuyaona maji yake ya kusuuzia yakififia rangi kwa poda kiasi kidogo. Metali nzito kama risasi na shaba zina chaji chanya na haziingii baina ya matabaka, lakini hugandamana juu ya poda kwa sababu maji yanayoizunguka huwa na alkali kidogo.

Nitrati ndiyo inayowasumbua zaidi watu wenye visima vilivyo karibu na vyoo, na kwa bahati mbaya ndiyo inayonaswa kwa udhaifu kuliko zote. Kisima kilichopita kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita kisitegemee poda hii. Dawa yake ni kukihamisha choo, au kukiacha kisima hicho na kutafuta maji kwengine.

Kisima chetu kimeingia maji ya chumvi. Je, poda itayafanya matamu?

Haitayafanya. Lita moja yenye gramu moja ya kloridi ingehitaji gramu kadhaa za poda hata kama kila nafasi ndani yake ingetumika, na poda iliyochomwa ingeyaacha maji hayo yakiwa na alkali kali isiyonyweka.

Je, inaua vijidudu?

Msiitegemee kwa hilo. Kipindupindu na homa ya matumbo huzuiwa kwa kuchemsha maji au kuyatia klorini. Poda iliyonasa fosfati haibadilishi chochote katika wajibu huo.

Maji ya Unguja ni magumu, na birika hufanya magamba. Hilo linaharibu kazi?

Linaharibu na linasaidia. Maji yaliyopita katika mawe ya matumbawe hubeba bikabonati kwa mamia ya miligramu kwa lita, ilhali fosfati iliyomo ni miligramu chache tu. Bikabonati, na kabonati inayotokana nayo, hugombea nafasi kwa wingi wake, hivyo uwezo mnaousoma kwenye maelezo ya muuzaji, ambao aghalabu umepimwa kwa maji yaliyotoneshwa yasiyo na madini, hautapatikana hapa. Kwa upande wa pili, kalsiamu iliyomo katika maji hayo huungana na fosfati juu ya uso wa poda na kuongeza kile kinachonaswa. Mchanganyiko huo wa hasara na faida ndio sababu ya kutochukua hesabu ya mtu wa Ulaya wala ya mtu wa bara na kuitumia Makunduchi bila ya kupima. Pemba, ambako maeneo mengi yana udongo mzito na mabonde ya mpunga, maji ya kijito huweza kuwa laini zaidi, na poda ile ile ikatoa matokeo tofauti.

Nina nyumba ya wageni Paje yenye vyumba kumi. Nitahitaji poda kiasi gani?

Tufanye hesabu kwa uwazi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotiwa matumaini yasiyo na msingi. Tuseme mna watu ishirini, kila mmoja akitumia lita 150 kwa siku na kutoa gramu moja na nusu ya fosforasi. Hiyo ni lita 3,000 za maji machafu na gramu 30 za fosforasi kila siku, yaani miligramu 10 kwa lita, kiwango cha kawaida kwa maji ya vyoo.

Maabara nyingi hutaja uwezo wa makumi ya miligramu za fosforasi kwa gramu moja ya poda. Kwa maji yetu magumu, tuchukue kwa tahadhari miligramu 10 kwa gramu. Gramu 30 za fosforasi zitakula kilo 3 za poda kila siku, sawa na kilo 90 kwa mwezi. Hakuna mwenye nyumba ya wageni atakayeendelea na gharama hiyo baada ya msimu mmoja.

Sasa tuupange mtambo kwa njia nyengine. Karo lenye vyumba viwili au vitatu hutuliza uchafu mzito, bwawa dogo lenye matete na changarawe hula sehemu ya virutubishi, kisha shabu hutiwa ili kuiangusha fosfati nyingi iliyobaki. Kinachosalia kikiwa miligramu moja kwa lita, mzigo wa siku ni gramu 3 tu za fosforasi, na hapo poda inayohitajika ni gramu 300 kwa siku. Pipa la kuchujia lenye kilo 30 za chembechembe lingedumu kama miezi mitatu kwa hesabu, na pengine miwili kwa uhakika, kwa sababu maji yenye fosfati kidogo hayaijazi poda kama yale yenye fosfati nyingi.

Hidroksidi pacha ni kazi ya mwisho wa mstari. Huchukua mabaki ambayo shabu na matete hayakuweza kuyachukua, huyashusha hadi viwango vidogo sana, na huiweka fosfati katika hali inayoweza kurudishwa shambani. Anayeiuza kama badala ya karo lililojengwa vizuri anauza kitu ambacho hakipo.

Upo pia mfano wa karibu unaoonesha kwamba fosfati isiyoingia majini haihitaji kutolewa. Kisiwani Chumbe, nyumba za wageni hutumia vyoo vikavu vinavyogeuza kinyesi kuwa mboji, na maji ya kuogea hupitishwa katika vitanda vya mimea, kwa hivyo mwamba ulio mbele yao hauletewi mzigo wa vyoo kabisa.

Kwa nini basi tusitumie shabu au chokaa peke yake?

Kwa maji yenye fosfati nyingi, tumieni. Gramu 30 za mfano wetu zingehitaji shabu baina ya nusu kilo na kilo moja kwa siku, kutegemea aina, na chokaa ya kwetu, inayochomwa kwa mawe ya matumbawe, huiangusha fosfati ikiwa pH itapandishwa kupita 10. Kasoro zake ni tope jingi linalopaswa kukaushwa mahali, salfati inayoachwa na shabu, na maji makali yanayoachwa na chokaa ambayo lazima yapunguzwe ukali kabla ya kumwagwa. Aidha, zote mbili hupunguza kasi ya kazi yake fosfati inapokuwa kidogo sana, na ili kuondoa miligramu ya mwisho hulazimu kutia dawa nyingi kupita kiasi. Chokaa ina ubaya wa ziada kwetu, kwa kuwa kila tanuu hula kuni na mawe ya pwani.

Je, tunaweza kuzitengeneza wenyewe hapa visiwani?

Maabara ya skuli yenye vifaa vya kawaida inaweza kutengeneza gramu chache. Huyeyushwa chumvi ya magnesiamu na chumvi ya alumini katika chombo kimoja, kwa uwiano wa mbili au tatu kwa moja, kisha hudondoshwa taratibu, pamoja na kostiki iliyoyeyushwa, katika maji yanayokorogwa bila kusita. Anayekoroga hutazama kipima pH asiache ishuke chini ya 9 wala ipande sana kupita 10. Ute mweupe huanza kuonekana tangu matone ya mwanzo. Ukimaliza, chombo huachwa kwenye joto la nyuzi 60 hadi 80 kwa saa kadhaa ili matabaka yapangike, kisha ute huoshwa mara nyingi hadi maji ya kuoshea yawe karibu na pH 7, na hukaushwa. Kostiki huunguza ngozi na macho, kwa hivyo miwani na glovu si mapambo.

Hewa nayo ni mshindani. Kabonidioksidi huyeyuka katika maji ya kostiki na kugeuka kabonati, nayo hujaza nafasi zote kabla fosfati haijafika. Wenye mitambo hupuliza nitrojeni juu ya chombo ili kuizuia hewa. Asiyekuwa nayo aichome poda baadaye na kuitumia ingali mpya, akiihifadhi katika kopo lililofungwa vizuri.

Swali linalovutia zaidi ni kama magnesiamu inaweza kupatikana hapa hapa. Maji ya bahari yana takriban gramu 1.3 za magnesiamu kwa lita, na katika mashamba ya chumvi ya Pemba, baada ya chumvi kuganda na kukusanywa, hubaki maji machungu yaliyokolea magnesiamu ambayo aghalabu humwagwa. Alumini inaweza kutoka kwenye shabu. Kwamba kemia hiyo inawezekana kwa wingi si jambo la kubahatisha: nchini Australia, viwanda vya alumina (oksidi ya alumini) vinapochanganya mabaki yao makali ya udongo mwekundu na maji ya bahari, hidrotalsiti hujiunda yenyewe ndani ya mchanganyiko na kunasa baadhi ya metali zilizomo. Kikwazo ni salfati, iliyomo katika maji machungu na katika shabu pia, ambayo huingia baina ya matabaka tangu mwanzo na kupunguza nafasi za fosfati. Hata hivyo, kwa maoni yetu, mwanafunzi wa kemia anayetafuta mada ya utafiti Zanzibar hatapata nyingi zenye mali ghafi za karibu kama hii.

Nitajuaje kwamba poda niliyonunua inafanya kazi?

Jaribu kwa chupa kabla ya kununua gunia. Chukua maji yako mwenyewe unayotaka kuyasafisha, si ya bomba, yachuje kwa kitambaa kizito, uyagawe katika chupa mbili za lita moja. Ya kwanza usiitie kitu. Ya pili utie gramu moja ya poda, ufunge, na utikise kila baada ya muda kwa saa kadhaa. Maji yatakuwa meupe kama tui jepesi, na hapo utaona tatizo ambalo vipeperushi havilitaji, nalo ni kwamba poda laini huchukua muda mrefu kutuama na huziba karatasi ya kuchujia. Ndiyo sababu kwa matumizi ya kweli huhitajika chembechembe, au poda iliyogandishwa juu ya makaa ya vifuu, hata kama kufanya hivyo hupunguza uwezo wake kwa kila gramu.

Ukisha kuchuja, pima fosfati katika chupa zote mbili kwa vifurushi vya kupimia vinavyotumia kemikali ya molibdati, njia iliyosanifiwa na Murphy na Riley mwaka 1962. Fosfati hugeuza maji kuwa ya buluu, na buluu ikikolea maana yake ni fosfati zaidi. Chupa ya kwanza ikiwa buluu ya kukolea na ya pili ikawa karibu haina rangi, poda imefanya kazi. Pima pia pH ya chupa ya pili, kwa sababu poda iliyochomwa huachia hidroksidi na inaweza kuipandisha hadi 10 au zaidi, na maji ya namna hiyo hayafai kumwagwa pwani kabla ya kutulizwa. Mwisho, hakikisha unajua namba inayosomwa ni ya fosfati au ya fosforasi, kwa kuwa miligramu 1 ya fosforasi ni sawa na takriban miligramu 3.07 za fosfati, na wauzaji wengine huchagua namba inayowapendeza.

Uliza vilevile poda ilitengenezwa kwa chumvi gani. Iliyotengenezwa kwa nitrati huachia nitrati kila inaponasa fosfati, na utakuwa umeondoa kirutubishi kimoja na kukileta chengine.

Sisi ni wakulima wa mwani. Je, fosfati si chakula cha mwani wetu? Mkiiondoa, tutavuna nini?

Swali hili ni la haki, na kina mama wa Paje na Jambiani, ambako kilimo hiki kilianza mwaka 1989, wana sababu ya kuliuliza. Mwani unahitaji fosfati, lakini unaitumia ile kidogo inayoletwa na maji ya bahari yanayopwa na kujaa kila siku. Fosfati nyingi ya makaro huwanufaisha kwanza washindani wake, yaani nyuzi za kijani na za kahawia zinazoota haraka juu ya mwani wenyewe, zikauzibia mwanga na kuongeza kazi ya kuusafisha kabla ya kuanika. Hakuna anayekusudia kuitia poda hii baharini. Hata ikitiwa haitafaa, kwa kuwa maji ya bahari yana takriban gramu 2.7 za salfati na gramu 19 za kloridi kwa lita, na nafasi zote zitachukuliwa. Kinachokusudiwa ni kuyazuia maji ya choo yasifike kwenye vigingi vyenu.

Ni lazima pia isemwe kwamba kufa kwa mwani wa aina ya kotoni katika maji ya kina kifupi kunahusishwa zaidi na joto la maji, na kuondoa fosfati hakutauponya mwani huo.

Poda ikishashiba inapelekwa wapi?

Ina njia mbili. Ya kwanza ni kuiosha kwa maji ya kostiki na chumvi, ambayo huitoa fosfati na kuiacha poda iweze kutumika tena, ingawa uwezo wake hupungua kila mzunguko. Maji ya kuoshea, yakitiwa chokaa, huangusha kalsiamu fosfati inayoweza kuhifadhiwa kama mbolea. Njia hii inafaa penye fundi na maabara.

Ya pili, ambayo tunaipendelea kwa hali ya visiwani, ni kuipeleka shambani kama ilivyo. Katika udongo, fosfati hutoka baina ya matabaka polepole kwa kubadilishana na kabonati na tindikali dhaifu za mizizi, kwa hivyo mvua moja kubwa haiisombi yote kama inavyoisomba mbolea ya chenga inayoyeyuka mara moja. Udongo wenye tindikali hufaidika zaidi, kwa kuwa matabaka yenyewe huyeyuka taratibu na kupunguza ukali wake. Mbolea ya fosfati ya viwandani huletwa visiwani kwa meli, hata ile ya Minjingu ya bara, na si busara kuilipia nauli ya kuja kisha kuiachia itoke kwa mfereji.

Sharti la njia ya pili ni kwamba maji yaliyochujwa yawe ya nyumbani tu. Poda iliyotumika kwa maji ya hospitali, ya gereji, ya karakana ya rangi au ya maabara inaweza kuwa imenasa metali na madawa, na haistahiki kufika kwenye muhogo.

Kuna hatari gani kwa anayeishughulikia?

Vumbi lake huwasha koo na macho, kwa hivyo mwenye kumimina avae barakoa na miwani. Iliyochomwa ina alkali na hukausha ngozi. Isitumike kuchujia maji ya kunywa isipokuwa aina iliyothibitishwa kwa kazi hiyo, na kamwe isitiwe katika maji yenye tindikali, ambamo alumini yake huyeyuka.

Nahitaji kibali cha nani?

Mtambo wowote unaomwaga maji machafu, hata yaliyosafishwa, unapaswa kufikishwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, na ukiwa karibu na chanzo cha maji ya kunywa, kwa Mamlaka ya Maji Zanzibar pia. Nendeni na majibu ya vipimo vya chupa, mchoro wa karo, na maelezo ya mahali poda iliyoshiba itakapopelekwa. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa na wengi, na mkaguzi makini ataliuliza kabla ya yote.